Printa ya Rangi Isiyogombana na Linux

Ndugu Mshauri,

Salaam. Nimetumia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, nyumbani kwa miaka tisa, na katika muda wote huo kitu pekee kilichowahi kunifanya nitamani kurudi nilikotoka ni printa. Kompyuta yangu ya mezani inatumia aina ya Linux iitwayo Debian, kompyuta mpakato ya mke wangu inatumia nyingine iitwayo Ubuntu, na sebuleni nimeweka kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye prosesa ya ARM, ambayo nilitarajia iwahudumie watu wote wa nyumbani kwa uchapaji. Simu nazo zipo, na watoto wangu wawili wa shule hawaelewi kwa nini ramani inayoonekana vizuri kwenye kioo isionekane kwenye karatasi.

Mashine niliyonayo ni ya wino wa katriji. Kabla ya kuinunua nilitazama kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kuna draiva ya Linux, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiongoza printa, nikaikuta, nikaridhika. Kwa miaka mitatu mambo yalikwenda sawa. Kisha nikasasisha mfumo, na tangu siku hiyo kila nikituma faili foleni ya uchapaji huniambia kwamba kazi imekamilika, ilhali printa haijatikisika. Nilipochunguza nikagundua kwamba draiva ile iliandikwa kwa mifumo ya zamani ya biti 32 na haijaguswa na mtu tangu ilipotolewa. Kwenye kompyuta ya ARM haikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Juu ya hayo, tuliiacha mashine kwa wiki sita bila kuitumia, na rangi ya samawati ikakauka. Niliendesha usafishaji wa kichwa mara nne, na wino ukaisha kabla kichwa hakijazibuka.

Sasa nataka kununua nyingine, na nisingependa kukosea tena. Wakati wa masomo huenda tukachapa kurasa thelathini kwa wiki, nyingi zikiwa maandishi yenye michoro, chati na ramani za rangi. Wakati wa likizo mwezi mzima unaweza kupita bila karatasi moja kutoka. Picha za familia tunachapa mara chache mno. Tunahitaji pia kuskani nyaraka. Muuzaji mmoja aliniambia kwamba kila mashine iliyopo kwenye rafu yake inakubali kompyuta zote, lakini nilipotaja Linux akanyamaza. Je, nitazame nini? Nichukue ya wino au ya leza? Na hii ya zamani niitupe, au bado ina kazi?

Wako,
Mwenye Foleni Isiyochapa

Ndugu Mwenye Foleni,

Swali uliloliuliza uliponunua mashine ya kwanza, la kama mtengenezaji ana draiva ya Linux, lilikuwa la busara kwa wakati wake, lakini leo ndilo linalowapotosha wanunuzi wengi. Draiva ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, umefungwa huishi kwa hisani ya mtengenezaji: ikiandikwa kwa biti 32 itabaki hivyo, ikiandikwa kwa prosesa za Intel haitafanya kazi kwenye ARM, na siku mtengenezaji akiona kwamba modeli hiyo imezeeka, hakuna mtu mwingine anayeweza kuifungua na kuirekebisha. Kero hii ni ya zamani kuliko Linux yenyewe. Mnamo mwaka 1980 hivi, Richard Stallman, akiwa katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani, alinyimwa msimbo wa printa ya leza ya Xerox ambayo karatasi zake zilikuwa zikikwama mara kwa mara, na tukio hilo ni miongoni mwa yale anayoyataja anapoeleza kwa nini mwaka 1983 alitangaza mradi wa programu huria wa GNU. Kwa hiyo ukikasirishwa na printa, jua kwamba umo katika ukoo mkubwa.

Swali la kuuliza sasa ni hili: je, mashine hii inaweza kuchapa bila draiva yoyote?

Uchapaji kwenye Linux unasimamiwa na CUPS, mfumo ulioanzishwa na Michael Sweet mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao Apple waliuingiza kwenye kompyuta zao mwaka 2002 na kununua msimbo wake mwaka 2007. CUPS imejengwa juu ya itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo IPP. Kwa itifaki hiyo kompyuta huiuliza printa kama ina rangi, kama inachapa pande mbili na kama ina karatasi za ukubwa fulani, nayo printa hujieleza yenyewe, kisha hupokea ukurasa katika mojawapo ya miundo michache inayojulikana na wote. Mwaka 2010 Apple walileta AirPrint ili simu zao, ambazo haziwekewi draiva, ziweze kuchapa. Mwaka 2013 Printer Working Group, jumuiya ya makampuni inayosimamia viwango vya uchapaji, ikatoa kiwango chake kiitwacho IPP Everywhere. Viwango hivi viwili vinakaribiana kiasi kwamba kwa mtumiaji wa Linux ya miaka ya karibuni printa inayofahamu kimojawapo inatosha. Watengenezaji hawakufanya hivi kwa kutupenda sisi. Walifanya kwa sababu printa isiyokubali simu haiuziki. Tumedandia gari la wenye simu, nalo kwa bahati nzuri linakwenda tunakotaka.

Ndiyo maana, ukifika dukani, huna haja ya kutamka neno Linux mbele ya muuzaji. Tafuta neno AirPrint kwenye boksi, kisha lihakikishe kwenye orodha ya sifa za modeli ile ile unayoishika mkononi, si ya ndugu yake mwenye herufi moja ya ziada mwishoni, kwa kuwa herufi hiyo mara nyingi ndiyo inayotofautisha mashine yenye Wi-Fi na ile yenye waya wa USB peke yake. Ukipata nafasi ya kuona mashine ikiwa imewashwa, omba ichapwe karatasi moja kutoka kwenye simu ambayo haijawekewa programu ya mtengenezaji. Ikichapa hivyo, kompyuta zako zote tatu zitachapa, ikiwemo ile ya ARM, kwa sababu hakuna kitu cha biti 32 wala cha Intel kinachohusika tena. OpenPrinting, kundi lililo chini ya Linux Foundation ambalo sasa ndilo linaloendeleza CUPS, lina orodha ya modeli zinazofanya kazi bila draiva, na inafaa kuipitia kabla ya kutoka nyumbani. Kundi hilo hilo limeshatangaza kwamba toleo la 3 la CUPS litaachana na draiva za mtindo wa zamani, kwa hiyo mtu anayenunua leo printa inayotegemea draiva ya aina hiyo ananunua usumbufu wa kesho.

Nitataja majina machache kwa sababu najua utayaulizia. HP wana programu huria ya HPLIP, ambayo ni nzuri, ingawa baadhi ya modeli zao hudai kipande cha ziada kilichofungwa kabla ya kufanya kazi kupitia programu hiyo. Epson nao wametoa draiva huria kwa modeli zao nyingi za wino. Haya ni mambo mema, lakini kwangu mimi jina la kampuni lina uzito mdogo kuliko modeli yenyewe. Kampuni moja inaweza kuuza, kwenye rafu moja, mashine inayozungumza IPP vizuri na nyingine bubu ambayo kazi yake yote hufanywa na kompyuta na isiyojua lolote bila draiva ya Windows. Hiyo ya pili mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kabisa, na ndiyo unayopaswa kuikimbia. Ukikuta ya leza ambayo pamoja na AirPrint inafahamu pia PostScript, lugha ya kueleza kurasa iliyotengenezwa na Adobe mwaka 1984, hesabu hiyo kuwa dhamana ya pili, maana hata mfumo wa zamani sana utaweza kuitumia.

Sasa wino na leza, ambapo barua yako imejijibu yenyewe bila wewe kukusudia. Mtu anayechapa kurasa thelathini wiki hii na kukaa mwezi mzima bila kuchapa hafai kuwa na mashine ya wino. Wino ni kimiminika, na vitundu vya kichwa cha kuchapa ni vyembamba kuliko unywele. Mashine isipotumika maji yaliyomo hupotea, rangi huganda tunduni, na dawa pekee iliyopo ndani ya mashine ni kuusukuma wino mwingi zaidi upite, kama ulivyofanya mara nne. Wino huo wa usafishaji hauendi hewani. Huingia kwenye sifongo iliyo chini ya mashine, na sifongo ikijaa mashine nyingi hukataa kuchapa mpaka ibadilishwe. Katika baadhi ya mashine sifongo hiyo ni kijisanduku unachokibadilisha mwenyewe kwa dakika moja, na katika nyingine ni kazi ya fundi. Ukilazimika kununua ya wino, uliza jambo hili kabla ya kuuliza kasi.

Tona ya leza ni unga mkavu wa plastiki. Haigandi, haizibi, na ukiiacha likizo nzima itachapa ukurasa wa kwanza kama ulivyouacha wa mwisho. Maandishi yake ni makali, hayachuji yakiguswa na kidole chenye maji, na kwa ramani, chati na michoro ya shule rangi zake zinatosha kabisa. Inaposhindwa ni kwenye picha: ngozi ya mtu na anga la jioni hutoka na mng'ao wa plastiki, na karatasi nyingi za picha zilizotengenezwa kwa ajili ya wino haziruhusiwi kabisa kupita humo, kwa kuwa joto la kuyeyusha tona huweza kuyeyusha utando wake ukaganda ndani ya mashine. Kwa kuwa picha zenu ni chache, zipelekeni kwa mtu mwenye studio. Ushauri wangu kwako, basi, ni leza ya rangi yenye skana, au ile iitwayo LED, ambayo inatofautiana nayo tu katika namna mwanga unavyoichora picha kwenye ngoma, yaani silinda inayoibeba picha hiyo kabla haijahamia karatasini.

Ningekuwa namjibu mtu anayechapa kila siku, tena kurasa nyingi zenye rangi tele, ningemwelekeza kwenye mashine za matangi, zile zinazojazwa wino kutoka kwenye chupa, kwa sababu gharama ya kila ukurasa huko ni ndogo mno na wino haupati muda wa kukauka. Zile za katriji ndogo zinazouzwa kwa bei ya kutupa sina ninayempendekezea.

Leza nayo ina mambo yake, na ni haki uyajue kabla hujaibeba. Ni nzito na kubwa, kwa hiyo pima meza kwanza. Inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, wakati mwingine zaidi ya wati elfu moja, na kwa sababu hiyo usiichomeke kwenye UPS, kifaa cha akiba ya umeme, ndogo inayolinda kompyuta. Tona ni nne, yaani nyeusi, samawati, majenta na njano, na zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi ni za kuanzia tu, zenye unga pungufu kuliko zile utakazonunua baadaye. Kwa hiyo unapolinganisha mashine mbili, usilinganishe bei zake peke yake. Chukua bei ya seti kamili ya tona nne, itazame sambamba na idadi ya kurasa iliyotangazwa kwa kipimo cha ISO/IEC 19798, ambacho ndicho cha tona za rangi. Kwa wino kipimo chake ni ISO/IEC 24711. Idadi isiyotaja kipimo chochote ni maneno ya matangazo. Uliza pia kama ngoma imeunganishwa na tona au hubadilishwa peke yake, na baada ya kurasa ngapi. Nimewahi kumwona mtu aliyefurahia bei nafuu ya tona kwa miaka miwili, kisha akadaiwa ngoma nne kwa mkupuo.

Soma pia masharti ya mauzo. Kuna mashine zinazouzwa kwa punguzo kwa makubaliano kwamba zitakuwa kwenye intaneti wakati wote na zitakubali katriji za mtengenezaji peke yake, na kuna zinazopokea masasisho yanayokataa tona za makampuni mengine ambazo jana zilikuwa zikifanya kazi. Mimi huzima usasishaji wa moja kwa moja kwenye menyu ya mashine siku ya kwanza, na husasisha kwa hiari yangu baada ya kusoma ni kitu gani kinachobadilishwa. Mashine inayokulazimisha kufungua akaunti kabla ya kuchapa ukurasa wa kwanza iache dukani.

Kuhusu kuskani, mambo yamenyooka kuliko watu wengi wanavyofikiri. Mashine nyingi za kazi zaidi ya moja zenye AirPrint hujua pia itifaki ya kuskani iitwayo eSCL, ambayo Linux huifahamu kupitia SANE, mfumo wake wa skana, hasa kwa kijenzi kiitwacho sane-airscan. Ukitumia Debian kuanzia toleo la 11, lililotolewa Agosti 2021, kijenzi hicho kimo kwenye hazina ya programu, pamoja na ipp-usb, ambayo huziwezesha printa nyingi za kisasa kuzungumza IPP hata zinapounganishwa kwa waya wa USB. Hakikisha tu kwamba sifa za modeli zinataja eSCL au AirScan. Zikikaa kimya kuhusu skana, usidhani.

Ile kompyuta ndogo ya sebuleni huihitaji tena kwa kazi hii, na nadhani hiyo ni habari njema. Printa iliyo kwenye mtandao wa nyumbani hujitangaza yenyewe, na kila kompyuta na kila simu huifikia moja kwa moja. Kama printa ina tundu la waya wa mtandao na ruta iko karibu, tumia waya. Kama ni lazima Wi-Fi, fahamu kwamba printa nyingi hazipokei mawimbi ya gigahezi 5, na kwamba mtandao wa wageni kwenye ruta kwa kawaida huzuia vifaa visionane. Mambo hayo mawili ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ninayoletewa ya printa iliyopotea. Ipe printa anwani isiyobadilika kwenye ruta, na kamwe usiifungulie njia ya kufikiwa kutoka nje. Septemba 2024 kulitangazwa udhaifu mkubwa katika cups-browsed, programu inayoisaidia CUPS kutafuta printa, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao mlango wa mtandao namba 631 wa kompyuta zao ulikuwa wazi kwa dunia nzima.

Siku utakayoileta nyumbani, ijaribu yote kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita. Bila kusakinisha draiva yoyote, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike lpstat -e, kisha scanimage -L. Amri ya kwanza inapaswa kuonyesha jina la printa na ya pili jina la skana. Chapa ukurasa wa rangi, kisha faili ya PDF yenye kurasa nyingi kwa pande mbili, na uangalie kama upande wa pili haujapinduka. Skani nyaraka moja kutoka kwenye Debian na nyingine kutoka kwenye Ubuntu. Mwisho mwite mtoto mmoja achape kwa simu. Ikishindwa jaribio lolote kati ya hayo, irudishe siku hiyo hiyo, wala usikubali kuambiwa usubiri sasisho.

Imebaki ile ya zamani. Foleni kusema kwamba kazi imekamilika bila karatasi kutoka ni dalili inayolingana na ulichogundua: CUPS iliikabidhi draiva kazi, draiva ikakosa maktaba za biti 32 ilizozitegemea, ikarudisha ukurasa mtupu wa data bila kulalamika. Kwenye Debian ya kompyuta ya mezani unaweza kuruhusu vifurushi vya aina hiyo kwa amri ya dpkg --add-architecture i386, usasishe orodha ya vifurushi, kisha usakinishe libc6:i386 na draiva yenyewe upya. Kwenye ARM usipoteze muda. Kabla ya hapo, itoe katriji ya rangi uitazame chini. Ukiona kibamba chenye safu za vitundu na migusano ya shaba, basi kichwa cha kuchapa kiko kwenye katriji yenyewe, na katriji mpya itakupa kichwa kipya pia. Ukiona tundu la kutolea wino tu, kichwa kimo ndani ya mashine, na kwa wino uliokwisha kuumwaga nisingekushauri ununue mwingine wa kuujaribia. Katika hali hiyo, kama ina skana, ibakize kwa kuskani hadi mpya itakapopita majaribio yote ya siku ya kwanza, halafu uipeleke kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.

Mshauri